Usimbaji wa Picha Ndani ya Kamera: Hoja Kutoka Bonde la Ruzizi

Picha inayopigwa kwa kamera ya dijitali huandikwa kwenye kadi ya kumbukumbu ikiwa wazi. Yeyote anayeichomoa kadi hiyo na kuitia kwenye kompyuta, simu au kamera nyingine huona kila kilichomo: sura, tarehe, saa, aina ya kamera na mara nyingi namba yake ya kiwandani. Kamera ikiwa na GPS, huona hata mahali hasa aliposimama mpiga picha. Simu za mkononi ziliachana na hali hiyo kitambo, kamera bado. Swali la kama nazo zinapaswa kusimba picha, yaani kuzigeuza ziwe data isiyosomeka bila ufunguo, limejadiliwa zaidi na watengenezaji filamu na waandishi wa habari wa Ulaya na Marekani. Uzito wake, hata hivyo, hupimika vizuri zaidi katika sehemu kama Bwegera.

Bwegera ni senta ya biashara katika bonde la Ruzizi, teritware ya Uvira, mkoa wa Kivu Kusini, nchini Kongo. Iko kwenye Barabara ya Taifa Namba 5, inayotoka Uvira kuelekea Kamanyola na Bukavu, na hapo ndipo njia ya Lemera inapochepuka kupanda milimani. Mashariki, ng'ambo ya mto, ni Burundi. Bonde hili limeona mengi ambayo walioyatenda wangependa yasipigwe picha. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, iliyokuwa ikiongozwa na Daktari Denis Mukwege, ilivamiwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014 watu wasiopungua 30 waliuawa Mutarule, wakiwemo waumini waliokuwa kwenye ibada ya nje. Tarehe 15 Septemba 2017 askari waliwafyatulia risasi wakimbizi wa Burundi huko Kamanyola na kuua zaidi ya 30. Na tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu na kisha Kamanyola, vita vimeteremka bondeni. Wakati wa Lemera kamera ilikuwa chombo cha wachache. Kufikia Mutarule, simu yenye kamera ilikuwa imeshaenea hadi vijijini, na tangu hapo kila tukio huacha nyuma yake picha mikononi mwa watu wasiojua wazifiche wapi.

Kadi ya mpiga picha wa senta ya aina hii hubeba mchanganyiko ambao mhandisi wa Tokyo hakuufikiria. Kuna harusi, ubatizo, matanga, wanafunzi waliomaliza shule, wanawake wa kikundi cha akiba wamesimama mbele ya bendera ya kanisa. Katikati yake kuna askari aliyealikwa harusini na bunduki yake, na vijana wa Wazalendo, wanamgambo wa huko, walioomba wenyewe wapigwe picha wakiwa na silaha kwa sababu siku hiyo ilikuwa ya fahari kwao. Kukitokea shambulio, mtu huyohuyo ndiye huitwa na chifu au na mtu wa shirika la haki za binadamu apige picha za maiti na nyumba zilizoungua, kwa kuwa ndiye mwenye kamera. Kisha kadi hupelekwa sekretariati, kibanda cha kuchapa, kutoa fotokopi na kupakia muziki, ambako picha huhamishiwa kwenye kompyuta inayoguswa na kila mteja. Katika safari hiyo yote hakuna hata hatua moja ambayo data inakuwa imefungwa.

Barabara nayo ina macho yake. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya IPIS ya Antwerp ilihesabu vizuizi vya njiani visivyopungua 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Vingi ni vya kutoza pesa, si vya kutafuta picha. Lakini mtu anayesimamishwa bariera hufunguliwa mfuko, na kamera ikionekana huulizwa imepiga nini. Kupiga picha daraja, kambi, mpaka au askari bila kibali ni jambo linaloweza kumfikisha mtu kizuizini Kongo, na anayeshika silaha barabarani hahitaji kutaja kifungu cha sheria. Hubonyeza kitufe cha kuangalia picha na kurudi nyuma moja baada ya nyingine: daraja la leo, mkutano wa jana, mama aliyetoa ushahidi juzi.

Hapa ndipo hoja ya kawaida ya usimbaji inapohitaji kusogezwa kidogo. Watetezi wake humzungumzia zaidi mpiga picha: kazi yake, vyanzo vyake, uhuru wake. Anastahili kutetewa, bila shaka. Ila yeye alijua anabeba nini, na mara nyingi anaweza kuondoka: ana pikipiki, ana ndugu Bujumbura, pengine ana shirika nyuma yake. Aliye ndani ya picha hana taarifa kwamba sura yake iko kwenye mfuko wa mtu fulani Kamanyola. Kufuli ndani ya kamera kwanza kabisa ni ulinzi wa huyu asiyekuwepo. Wanaoshughulika na waathirika wa ubakaji walilitambua hilo mapema. Programu ya MediCapt, iliyobuniwa na shirika la Physicians for Human Rights pamoja na madaktari wa Kongo na Kenya, humwezesha daktari kupiga picha za majeraha na kuzihifadhi zikiwa zimesimbwa pamoja na fomu ya uchunguzi, ili picha ya mwili wa mgonjwa isibaki kwenye simu ya yeyote.

Kwa upande wa kamera zenyewe, dai lilitolewa hadharani Desemba 2016. Zaidi ya watengenezaji filamu na wapiga picha 150, Laura Poitras akiwa miongoni mwao, walitia sahihi barua ya wazi iliyoandaliwa na Freedom of the Press Foundation ya Marekani na kuelekezwa kwa Canon, Nikon, Sony, Fuji na Olympus. Walieleza kwamba vifaa vyao hukamatwa na maafisa au kuporwa na wahalifu, na kwamba hakuna njia ya kulinda kilichomo kuanzia dakika picha inapopigwa hadi inapofika kwenye kompyuta. Miaka imepita, na kwa kamera nyingi zinazouzwa madukani hali ni ileile.

Si kwamba kampuni hazikuwahi kugusa usalama wa data. Kadi za SD, zilipoanzishwa mwaka 1999, ziliundwa zikiwa na mfumo wa kufunga mafaili. Lengo lilikuwa kuzuia kunakiliwa kwa muziki wenye haki miliki, na wapiga picha hawakuuonja kamwe. Canon nayo, katika muongo wa 2000, iliuzia polisi na kampuni za bima vifaa vya kuthibitisha kwamba picha haikuguswa tangu ipigwe. Mwaka 2010 kampuni ya ElcomSoft ya Urusi ilionyesha kuwa uthibitisho huo ulikuwa umevunjika: ilitoa picha za bandia zilizopita mtihani wa Canon kama za kweli, mojawapo ikiwa Sanamu ya Uhuru ya New York imeshika mundu. Mwaka uliofuata ikafanya vivyo hivyo kwa Nikon. Siku hizi kazi hiyo imerudi kwa sura mpya. Leica M11-P ya Oktoba 2023 ilikuwa kamera ya kwanza kuuzwa ikiwa na uwezo wa kuweka sahihi ya kidijitali ya mfumo wa C2PA ndani ya kila picha, na Sony na Nikon zikafuata njia hiyo.

Mambo haya mawili huchanganywa sana, na kuyachanganya kunaharibu mjadala. Sahihi ya kidijitali hujibu swali la kama picha ni ya kweli. Usimbaji hujibu swali la nani anaruhusiwa kuiona. Gazeti la Paris linahitaji zaidi jibu la kwanza, kwa kuwa wasomaji wake wanaogopa picha za kutungwa na kompyuta. Shahidi wa Mutarule anahitaji zaidi la pili. Tena sahihi bila usimbaji inaweza kumzidishia hatari: picha yake sasa imethibitishwa kuwa ya kweli, pamoja na saa na mahali, na bado yeyote mwenye kadi anaweza kuisoma. Kampuni zimewekeza katika lile lenye wanunuzi. Ni uamuzi wa kibiashara, na haufai kufichwa nyuma ya madai kwamba jambo lenyewe ni gumu.

Maana ugumu wa kiufundi si mkubwa. Kanuni ya usimbaji ya AES imekuwa kiwango rasmi cha Marekani tangu 2001, na prosesa zenye sehemu maalumu ya kuitekeleza husimba zaidi ya gigabaiti moja kwa sekunde. Kamera ya megapikseli 24 inayopiga picha ghafi 10 kwa sekunde hutoa takribani megabaiti 250 katika sekunde hiyo, na kadi ya kawaida ya aina ya UHS-I haiwezi kupokea zaidi ya 104. Kinachoichelewesha ni kadi. Hoja ya bei nayo ilipungua nguvu Februari 2019, Google ilipotangaza Adiantum, njia ya kusimba iliyotengenezwa kwa ajili ya simu za bei nafuu ambazo prosesa zake hazina sehemu ya AES. Kwa hiyo simu ndogo ya Android ambayo mwanafunzi wa Bwegera anainunua mpya leo husimba hifadhi yake ya ndani, huku kamera yenye bei ya ng'ombe kadhaa ikiacha kila kitu wazi. iPhone zilikuwa zimeshafika hapo Septemba 2014, kwa toleo la iOS 8. Na watu wa kujitolea wanaotengeneza Magic Lantern, programu ya nyongeza kwa kamera za Canon, walishaandika kipande cha kusimba picha zinapoandikwa kwenye kadi, bila msaada wa kampuni yenyewe.

Kinachohitaji kufikiriwa zaidi ni aina ya ufunguo. Njia ya kwanza ni ile ya simu: neno la siri hufungua kila kitu, na mwenye nalo huona picha zote. Ya pili hutumia funguo mbili, kwa kanuni inayojulikana tangu miaka ya 1970. Kamera hubeba ufunguo wa kufungia tu. Wa kufungulia unabaki Bukavu, Goma au Nairobi, kwenye kompyuta ya mhariri au ya wakili. Picha ikishaandikwa, hata mpiga picha mwenyewe hawezi kuirudia. Akilazimishwa hana cha kutoa. Hasara yake inaonekana mara moja: hawezi kujua kama picha imetoka vizuri, wala hawezi kumwonyesha bibi harusi. Njia ya kati ni kuruhusu picha ionekane hadi kamera izimwe, kisha ijifunge. Inaelekea ndiyo inayofaa zaidi kwa kazi za bondeni, kwa kuwa mtu hupata muda wa kuhakiki kazi yake palepale na hufika bariera kamera ikiwa imezimwa.

Kivu Kusini kuna mfano ambao watetezi wa usimbaji hawautaji mara nyingi inavyostahili. Mwaka 2012 wapiganaji wa FDLR, kundi la waasi wa Rwanda, walishambulia vijiji vya Kamananga na Lumenje katika teritware ya Kalehe. Septemba 2018 mahakama ya kijeshi huko Bukavu iliwatia hatiani makamanda wawili kwa uhalifu dhidi ya binadamu. Miongoni mwa vielelezo zilikuwamo picha zilizopigwa na wachunguzi kwa eyeWitness to Atrocities, programu ya simu iliyoanzishwa mwaka 2015 na chama cha kimataifa cha mawakili, IBA. Ilikuwa mara ya kwanza kwa picha za programu hiyo kutumika katika kesi. Inavyofanya kazi ndiyo funzo lenyewe: picha haiingii kwenye galari ya kawaida ya simu, bali hufungwa mahali pake, hupimwa na kupewa alama ya kihesabu ambayo ingebadilika kama hata nukta moja ya picha ingeguswa, huambatanishwa na GPS, minara ya simu na mitandao ya Wi-Fi iliyokuwa karibu, na mtandao ukipatikana hutumwa kwenye hifadhi inayosimamiwa na wanasheria. Mpigaji anaweza kuifuta kwenye simu yake kabla ya kushika njia, na nakala yenye nguvu ya kisheria ikabaki salama. Usiri na uthibitisho vimefanya kazi pamoja, ndani ya chombo kinachofanana na simu nyingine yoyote.

Yapo mapingamizi, na lililo zito kuliko yote halihusu mashine. Anayeshika bunduki njiani hatashindana na hesabu za AES. Atampiga mwenye kamera mpaka aseme neno la siri, au atavunja kamera. Hilo ni kweli, na usimbaji usiuzwe kama ngao ya mbebaji. Kadi iliyojaa mafaili yasiyofunguka inaweza hata kumtia mashakani kuliko kadi yenye harusi tupu, kwa kuwa mtu asiye na la kuficha, watasema, hafungi. Dawa ya hilo iko katika muundo wenyewe wa kamera. Kamera inayosimba ni lazima iweze kuonyesha picha za kawaida bila kudokeza kwamba kuna nyingine. Na usimbaji uwe wa kila kamera tangu kiwandani. Ukiwa chaguo linalowashwa na wachache, kuwashwa kwake kunakuwa ushahidi dhidi yao. Simu zimelithibitisha hili: hakuna askari anayemshuku mtu kwa sababu hifadhi ya simu yake imesimbwa, maana simu nyingi siku hizi ziko hivyo na yake pia.

Dola hulazimisha kwa njia nyingine. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2000, mtu anayekataa kutoa ufunguo anaweza kufungwa miaka miwili, na zaidi ya hapo kesi ikigusa usalama wa taifa. Kongo ilipata Kanuni ya Dijitali tarehe 13 Machi 2023, kwa sheria namba 23/010. Septemba mwaka huohuo mwandishi Stanis Bujakera alikamatwa uwanja wa ndege wa N'djili mjini Kinshasa, simu zake na kompyuta zikachukuliwa, na akakaa gerezani hadi Machi 2024. Tanzania, baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025, intaneti iliporudishwa polisi waliwatumia wananchi ujumbe wa simu wakiwaonya dhidi ya kusambaza picha na video zinazoweza kuzua taharuki. Katika mazingira hayo kufuli halimwokoi mtu na pingu. Linachofanya ni kumlazimu afisa apitie kwa mwenye kifaa au kwa hakimu, badala ya kuchomoa kadi na kuondoka nayo. Hata kucheleweshwa kwa wiki mbili kunaweza kuwapa watu waliomo kwenye picha nafasi ya kuvuka mto.

Pingamizi la kusahau neno la siri hupuuzwa na wataalamu, na si haki. Kwa familia nyingi za bondeni, picha moja ya marehemu ndiyo yote waliyobaki nayo baada ya kuhama mara tatu. Mpiga picha akifa au akikimbia na ufunguo kichwani mwake, picha za mtaa mzima zinakwenda naye. Hasara hii ni ya uhakika zaidi kuliko ile ya bariera, kwani kusahau hutokea kila siku. Inapunguzwa kwa ufunguo wa akiba ulioandikwa kwenye karatasi na kuhifadhiwa kwa mtu wa kuaminika, au kwa kugawa kumbukumbu ya kamera sehemu mbili, moja iliyofungwa na moja ya wazi kwa ajili ya ubatizo na harusi. Haiondoki kabisa. Anayesema usimbaji hauna gharama hajawahi kutafuta picha ya mtoto aliyezikwa.

Jibu basi ni ndiyo, kwa sharti kwamba kufuli liwe kwenye kila kamera na sehemu ya wazi ibaki. Lakini hata kampuni zote zikikubali kesho, kamera zinazofika Uvira ni za mitumba, zimepitia Dar es Salaam au Bujumbura, na nyingi zina umri wa miaka kumi. Kwa miaka mingi ijayo kinga ya bondeni itategemea simu, na simu nayo ina mlango wa nyuma: picha zikielekezwa kwenye kadi ndogo ya nyongeza badala ya hifadhi ya ndani, kwa kawaida usimbaji wa Android hauzifikii, na kadi hiyo husomeka popote kama ya kamera. Kufuta nako hakutoshi. Faili linapofutwa, kamera huondoa jina lake kwenye orodha tu. Picha yenyewe hubaki mpaka nyingine iandikwe juu yake, na programu ya bure kama PhotoRec huirudisha kwa dakika chache. Kufomati kwa haraka kuna udhaifu uleule. Kinachofanya kazi ni kuijaza kadi upya hadi mwisho, kwa mfano kwa video ndefu ya ukuta, kabla ya kuirudisha sekretariati.